Mkanda wa kifuani unavyoongea na saa yako

Asubuhi pale Kololo, Kampala, wakimbiaji wakijua kazi yangu ni vifaa tiba swali huwa lilelile, mbona saa imegoma kusoma mapigo na mkanda ni mpya kabisa? Naomba tuanzie kwa kile kinachotumwa, manake wengi wanadhani mkanda unasikiliza sauti ya moyo kama daktari na stetoskopu, hapana, unadaka umeme. Moyo kila ukidunda unatoa umeme mdogo sana unaofika mpaka kwenye ngozi, zile sehemu mbili laini za mkanda zinaupokea alafu chipu inapima muda kati ya dundo na dundo. Ikipata milisekunde 500 basi hapo ni mapigo 120 kwa dakika.

Kampuni ya Polar ya Finland walitoa kifaa cha mapigo kisicho na waya mwaka 1982. Mikanda ya zamani ilikuwa inatuma mawimbi ya sumaku ya kilohezi 5, kila dundo wimbi moja, inafika kama mita moja tu, na ile ya mwanzo haikuwa na namba ya kuitambulisha, kwahiyo ukikimbia bega kwa bega na mwenzako saa yako inaweza kusoma moyo wake! Siku hizi ni bluetooth isiyokula betri sana au ANT+ (njia nyingine ya redio ya vifaa vya mazoezi), zote gigahezi 2.4, na kila mkanda una namba yake. ANT+ inatangaza kama redio, mara 4 hivi kwa sekunde, saa na simu na mashine ya jimu zote zinapokea pamoja. Bluetooth inashikana na kifaa kimoja, kwa mikanda mipya mingine vifaa viwili, so simu isipouona mkanda angalia kwanza kama app nyingine haijaushika.

Alafu maji. Gigahezi 2.4 inamezwa na maji na mwili wetu umejaa maji, ukiweka simu mfuko wa nyuma mwili wenyewe unakuwa ukuta. Kilohezi 5 inapita majini, ndo maana mikanda mingine bado inayo kwa ajili ya waogeleaji.

Ila lawama nyingi za bluetooth ni za bure, shida ni mkanda mkavu. Asubuhi ya baridi hujatoka jasho, umeme haupiti vizuri, lowesha zile sehemu mbili kwa maji au hata mate kabla hujavaa, ukaze kidogo, na betri ubadilishe. Umelowesha, umekaa kwenye kiti umetulia, bado inaonesha 190 na kifua kinabana au unasikia kizunguzungu? Usibishane na saa jamani, nenda hospitali saa hiyohiyo upimwe ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo.