Bei ya akiba kwenye mnada wa sarafu mtandaoni ni nini?

Bei ya akiba ni kiasi cha chini kabisa ambacho muuzaji yuko tayari kuachia mali yake mnadani. Dau la juu lisipofika hapo, mnada unafungwa na sarafu inabaki kwa mwenyewe, hata kama imegombaniwa na watu ishirini. Wengi huichanganya na bei ya kuanzia. Bei ya kuanzia kila mtu anaiona. Ya akiba anaijua muuzaji na mfumo tu. Mnunuzi huambiwa kama imefikiwa au bado, basi.

Ili uielewe sawasawa, angalia kwanza dau la mtandaoni linavyopanda. Mnunuzi haandiki bei atakayolipa, anaandika mwisho wa uwezo wake, na mfumo unampandishia kidogo kidogo kila anapopitwa. Tuseme mtu wa Moshi ameweka rupia ya fedha ya enzi za Wajerumani, ile yenye Kaiser Wilhelm II aliyevaa kofia ya chuma. Bei ya kuanzia ni Sh 30,000, akiba Sh 80,000, na kila dau linapanda kwa Sh 2,000. Mnunuzi wa kwanza anaandika ukomo wa 60,000, wa pili 90,000. Bila akiba, bei ingesimama 62,000, yaani hatua moja juu ya aliyeshindwa. Kwa kuwa akiba ipo na ukomo wa wa pili umeivuka, kwenye mitandao mingi bei inaruka moja kwa moja hadi 80,000. Akiba imemwongezea muuzaji 18,000.

Sasa punguza ukomo wa yule wa pili uwe 75,000. Bei inasimama palepale 62,000, akiba haijafikiwa, rupia inarudi kabatini. Muuzaji hajui kamwe kwamba 75,000 ilikuwa mezani. Isitoshe, mitandao mingine hutoza ada ya kuweka akiba na hairudishi hata sarafu isipouzwa. Na wapo wanunuzi ambao wakiona tu kuna akiba wanapita, hawataki kubahatisha.

Kwa hiyo sarafu ya kawaida haihitaji akiba. Mfano mzuri ni senti 10 ya Afrika Mashariki ya 1936, ile yenye tundu katikati na jina la Edward VIII, mfalme aliyeachia kiti mwaka huohuo. Mtu akisikia habari hiyo anaona ameokota utajiri, anaweka akiba ya mamilioni. Zilitengenezwa kwa mamilioni pia, na sura ya mfalme haimo. Weka bei ndogo ya kuanzia, iende.

Akiba inafaa kwenye kitu kama rupia 15 ya dhahabu ya 1916, iliyopigwa Tabora Wajerumani walipokuwa wamezingirwa: upande mmoja tembo mbele ya mlima, upande wa pili tai. Zilipigwa elfu kumi na sita na ushee tu. Hapo sakafu, yaani kiwango cha chini cha akiba, unaipata kwa hesabu. Uzito wake ni gramu 7.168, dhahabu ni asilimia 75, yaani karibu gramu 5.4 za dhahabu safi. Zidisha kwa bei ya gramu ya siku hiyo. Akiba isishuke chini ya hapo. Ila pima kwanza kwa sonara mwenye mzani wa kidijitali, maana za bandia zipo nyingi, na uzito ukikataa, achana na mnada kabisa.

Kosa jingine ni la hesabu ya kamisheni, yaani sehemu ambayo mtandao unakata kwa muuzaji. Akiba huhesabiwa kwenye bei ya nyundo, yaani dau la mwisho lililoshinda, siyo kwenye fedha inayokufikia mkononi. Ukitaka 80,000 safi na kamisheni ni asilimia 12, usiongeze asilimia 12 juu yake: utapata 89,600, ikikatwa unabaki na 78,848. Gawanya 80,000 kwa 0.88, utapata karibu 90,910. Kumbuka pia kuwa mnunuzi wa ng'ambo anatoa kwenye dau lake posta, ushuru na, kwenye nyumba nyingi za mnada, ada ya mnunuzi ambayo inaweza kufika asilimia 20 au zaidi.

Kiasi chenyewe kipange kwa bei zilizokwisha kuuzwa, si zile zinazoombwa, na ulinganishe sarafu za hali moja. Uliyoisugua kwa limao, majivu au dawa ya meno usiilinganishe na yenye rangi yake ya asili. Wakusanyaji wanaitambua kwenye picha, mikwaruzo midogo inang'aa upande mmoja.

Kumtuma binamu aweke dau ili bei ipande si akiba. Ni udanganyifu, na akaunti hufungwa.

Akiba isipofikiwa, mitandao mingi inakuruhusu kumpelekea ofa mwenye dau la juu. Akikataa, subiri wiki kadhaa, piga picha mpya mchana kivulini, shusha bei ya kuanzia, kisha irudishe bila akiba au kwa akiba ndogo. Ukiirudisha kesho yake kwa picha zilezile, walewale watakuja kuitazama na kupita.