Kufundisha watoto wadogo wenye mahitaji maalumu: upendo pekee hautoshi

Wahasibu, wauguzi na wengine wenye shahada za fani nyingine wanaotaka kuingia elimu maalumu ya awali huambiwa kwamba kazi hii ni upendo na subira tu, mafunzo ni ya kupata cheti. Si kweli.

Chukua mtoto wa miaka minne mwenye usonji (autism, hali ya ukuaji inayogusa mawasiliano), asiyesema, anayelia kila anapotaka maji. Mwenye huruma atamkimbizia kikombe. Mwalimu aliyefunzwa humwekea kikombe mahali anapokiona, humwongoza mkono atoe kadi yenye picha ya maji kama ombi, kisha humpa maji papo hapo. Siku zinazofuata hupunguza msaada kidogo kidogo, akiandika anachokiona. Ujuzi huo hupatikana kwa mazoezi ya darasani chini ya jicho la mkufunzi.

Wala huhitaji kurudia shahada ya kwanza. Nchi nyingi zina mafunzo ya uzamili ya ualimu, mara nyingi ya mwaka 1 hadi 2. Uzoefu wako nao haupotei: muuguzi anajua kuzungumza na mzazi aliyetoka kupokea habari nzito, na kwa watoto wa umri huu mzazi ni nusu ya kazi, nasema bila kusita. Ila kabla ya kulipa ada, uliza kama kozi ina mazoezi ya kufundisha na kama inatambuliwa kwa usajili wa ualimu.