Mama anaishi peke yake Buruburu, Nairobi: vifaa janja vitamfaa?

Mama ana miaka 76 na hataki kuhama. Nianze na kifaa gani?

Taa. Nimemwona shangazi yangu akiamka saa nane usiku: mkono unapapasa ukuta kutafuta swichi, miguu inatafuta ndala gizani. Hapo ndipo wazee huanguka. Taa ndogo inayojiwasha mtu akipita, moja kando ya kitanda na nyingine mlangoni mwa choo, itamwondolea kupapasa huko. Nunua ya kuchaji, maana stima hupotea bila hodi. Ila kwanza toa mkeka unaoteleza na ufunge vyuma vya kushikia bafuni.

Kengele ya gesi ina maana?

Ningeinunua kabla ya kamera. Uzeeni pua hupoteza makali, na mama huenda asisikie harufu mtungi ukivuja. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hutambaa chini, kwa hiyo kengele yake hufungwa karibu na sakafu, kama sentimita 30 hivi. Mafundi wengine huipachika darini, wakatalie.

Jiko la makaa lina hatari yake, kaboni monoksaidi, nayo haina harufu hata kidogo. Baridi ya Julai watu huingiza jiko chumbani, wakalala, wasiamke. Kengele ya hewa hiyo ni nyingine. Hata ukiwa nayo, tafadhali, jiko lilale nje.

Na kamera? Anasema hataki kuchunguzwa.

Basi usiiweke. Nyumba ni yake, na kumfungia kamera kisirisiri ni kumvunjia heshima. Muulize kama atakubali kihisi cha mlango: mlango wa jikoni usipofunguliwa hadi saa tatu asubuhi, unapata ujumbe kwenye simu, unampigia.

Mashine ya presha inayotuma vipimo kwa simu?

Nzuri, akipima vizuri: apumzike dakika 5, aegemeze mgongo, mkono uwe usawa wa moyo. Wastani wa nyumbani ukifika 135/85, mpeleke kliniki. Dawa asijibadilishie.

Akianguka mchana, nami niko kazini?

Kuna kitufe cha dharura cha kuvaa shingoni. Chagua kisichoharibiwa na maji, akivae hata akioga. Lakini bando likiisha, vingi vya vifaa hivi hunyamaza. Jirani mmoja anayeaminika awe na ufunguo wa akiba, na namba yake ibandikwe ukutani kwa maandishi makubwa, pale chini ambapo mtu aliyelala sakafuni anaweza kuisoma.