Vurugu ni silika au uwezo wa binadamu?

Yakitokea mauaji ya kutisha, hakosi mtu wa kusema kwamba vurugu ni silika ya binadamu, hakuna la kufanya. Silika ni mwenendo ambao kiumbe huzaliwa nao, hafundishwi, na wenzake wote wanao. Kasa akianguliwa usiku ufukweni hukimbilia upande wenye mwanga zaidi, ambao kwa kawaida ni baharini, bila mama kumwonyesha njia. Hata taa za hoteli zikimpotosha, atazifuata vilevile.

Uwezo ni kitu kingine. Mwili na ubongo unaruhusu jambo, lakini halitokei mpaka mengine yakutane: hofu, ulevi, ugomvi wa ardhi, amri ya mkubwa, silaha iliyo karibu. Kuua kumo humu. Watu wengi mno huzaliwa, wakazeeka na kufa bila kumuua mtu, wala hawakosi kitu. Kama kuua kungekuwa silika, jeshi lisingehitaji kumpigisha kuruta kwata na kumfunza kulenga shabaha kwa miezi.

Wanaotetea silika hukimbilia Gombe, hifadhi ya sokwe magharibi mwa Tanzania. Ni kweli, kati ya 1974 na 1978 sokwe wa kundi la Kasakela waliwavizia na kuwaua madume wa kundi la Kahama waliokuwa wamejitenga nao. Lakini kusini mwa Mto Congo wako bonobo, jamii nyingine inayofanana na sokwe, ambao undugu wao nasi ni wa karibu sawa na wa sokwe hao, na vita vya namna ile havijaonekana kwao.

Nyani wa Maasai Mara, waliochunguzwa na mwanasayansi Robert Sapolsky, wanafunza zaidi. Katikati ya miaka ya 1980, madume wakorofi wa kundi moja walizoea kwenda kugombea mabaki kwenye jalala la hoteli ya watalii. Nyama yenye kifua kikuu cha ng'ombe ikawaua. Wakabaki madume wapole, na uwiano wa majike kwa madume ukawa mara mbili ya ule wa awali. Sasa, dume la nyani likibalehe huhama kundi lililomzaa, hivyo kufikia 1993 madume wote pale walikuwa wageni kutoka kwingine. Upole ukabaki. Majike waliwachambua wageni manyoya mapema, na madume wenye nguvu hawakuwaonea sana wanyonge. Hakuna aliyewabadilisha wageni hao damu. Walipokewa tofauti, wakaishi tofauti.

Kosa la upande wa pili ni kudai kwamba tulikuwa wema mpaka wafalme na mashamba vilipotuharibu. Huko Nataruk, magharibi mwa Ziwa Turkana, imepatikana mifupa ya wawindaji walioishi miaka 10,000 hivi iliyopita. Watafiti walioitangaza mwaka 2016 walieleza mafuvu yaliyopondwa, na kijembe cha jiwe la volkano kilichonasa katika fuvu la mmoja wao.

Tamko la Seville la 1986, lililoandikwa na wanasayansi kuhusu vurugu, ambalo UNESCO ililipitisha mwaka 1989, nalo husomwa vibaya. Lilikanusha kwamba vita vimepangwa katika maumbile yetu. Halikusema hatuviwezi.

Kwa hiyo anayesema "silika" mara nyingi anakusudia uwezo, na kwa hilo hajakosea. Abadilishe neno tu, kisha aulize kilichouamsha pale: silaha ilitoka wapi, nani aliamuru, na nani angeweza kuzuia akanyamaza.