Kusogeza huduma za afya ya akili kwa jamii: mafunzo pekee hayatoshi

Katika nchi nyingi zenye uchumi mdogo, huduma za afya ya akili zimerundikana katika hospitali chache za mijini, ilhali wengi wanaozihitaji wako vijijini na katika mitaa ya watu wa hali ya chini. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu mtu 1 kati ya 7 duniani anaishi na tatizo la afya ya akili, na kwamba serikali hutenga wastani wa asilimia 2 tu ya bajeti zao za afya kwa matatizo hayo. Kusubiri hadi kila wilaya ipate daktari bingwa ni kukiacha kizazi kizima bila tiba. Njia iliyobaki ni kuwafundisha watu wasio wataalamu watoe huduma za awali karibu na nyumbani. Njia hiyo inaleta matokeo, ila kwa masharti ambayo husahaulika mara nyingi pale huduma inapopanuliwa.

Mfano uliochunguzwa kwa kina unatoka Harare, Zimbabwe. Mwaka 2005 serikali ya nchi hiyo ilibomoa makazi na vibanda vya biashara mijini, na Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa watu 700,000 walipoteza makazi, riziki au vyote viwili. Daktari bingwa wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, ameeleza hadharani jinsi mgonjwa wake mmoja, mwanamke kijana, alivyojitoa uhai katika kipindi hicho baada ya familia yake kukosa dola 15 za nauli ya kumrudisha hospitalini. Alipotaka kuanzisha huduma katika mtaa wa Mbare hakupata chumba wala muuguzi. Alichopata ni bibi 14 ambao tayari walikuwa wakitoa elimu ya afya mtaani, na ikabidi kazi ifanyike kwenye benchi nje ya kliniki.

Anayefika kwenye benchi hilo huulizwa maswali 14 ya ndiyo au hapana, yaliyotungwa kwa Kishona kwa kufuata namna wenyeji wenyewe wanavyoeleza dhiki zao: kama katika wiki iliyopita amekuwa akiwaza kupita kiasi, amekosa usingizi, amelia au kutamani kulia. Majibu yakionyesha dhiki kubwa, mgonjwa hueleza yote yanayomsumbua, kisha bibi humsaidia kuchagua jambo moja tu la kuanza nalo. Huenda likawa kodi ya nyumba iliyolimbikizwa, ugomvi wa ndoa, au majibu ya kipimo cha VVU ambayo hajamwambia mtu. Wanapanga pamoja hatua ndogo ambayo mgonjwa ataijaribu kabla ya kurudi, na akirudi wanaangalia imefikia wapi. Vikao hivi hufika sita. Bibi hampi mgonjwa suluhisho la kwenda nalo. Humwongoza alipate mwenyewe, na hilo ni gumu kuliko linavyosikika, kwa sababu mtu mzima anayeheshimiwa amezoea kutoa nasaha.

Matokeo ya utafiti uliofanyika katika kliniki 24 za Harare kwa watu 573 yalichapishwa mwaka 2016. Baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona, yaani huzuni kali inayodumu, miongoni mwa waliopitia benchi walikuwa takriban asilimia 14, ikilinganishwa na asilimia 50 ya wale waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Nchini Uganda, katika vijiji vya Masaka na Rakai, vikundi vya watu wenye sonona vilivyoongozwa na wenyeji waliofundishwa kwa wiki mbili vilionyesha nafuu kubwa vilevile, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003. Mpango wa benchi umeshafika Malawi na Zanzibar.

Takwimu hizo husomwa kwa haraka, na funzo linalochukuliwa huwa ni kwamba siku chache za mafunzo zinatosha. Sivyo. Mabibi wa Harare walikuwa na wasimamizi wa kuwapeleka wagonjwa waliowazidi uwezo. Watu wenye nia ya kujiua na wale wenye saikosisi, yaani waliopoteza mguso na uhalisia, hawakuingizwa katika utafiti huo, kwa kuwa walihitaji huduma nyingine. Kinachonihuzunisha ni kuona semina inafanyika, vyeti na fulana vinagawiwa, picha zinapigwa, kisha mhudumu anaachwa abebe maumivu ya mtaa mzima bila mtu wa kumpigia simu. Mhudumu wa namna hiyo huchoka, na hatimaye huacha kuuliza maswali ambayo hana la kufanya akijibiwa.

Kwa maradhi mazito kama skizofrenia, ambayo humfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwepo, na kwa kifafa, ambacho katika nchi zetu hutibiwa mara nyingi kwenye kliniki za afya ya akili, mazungumzo hayawezi kushika nafasi ya dawa. Mgonjwa anayepata nafuu kwa sindano ya kila mwezi anaweza kurudi kwenye hali yake ya mwanzo ikiwa zahanati itakaa muda mrefu bila dawa hiyo, na familia iliyouza mbuzi kumpeleka hospitali ya mkoa haitaamini tena ikiambiwa huduma imesogezwa karibu. Nchini Tanzania, mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa mwaka 2024 unatoa nafasi nzuri, lakini mhudumu huyohuyo anashughulikia pia lishe, uzazi, malaria na kifua kikuu. Halmashauri inayotaka afya ya akili isiwe nyongeza ya jina tu iweke katika bajeti yake nauli ya msimamizi wa kuwatembelea wahudumu kila mwezi, na ihakikishe dawa za msingi za akili na kifafa zinaagizwa kabla hazijaisha.

Nawe mwananchi, mhudumu akikuuliza kama umewahi kutamani kufa, mjibu kwa uwazi. Kuuliza swali hilo hakumpandikizii mtu wazo la kujiua, na jibu lako ndilo linalomwonyesha mhudumu kama unahitaji msaada wa haraka. Ikiwa nyumbani kuna mgonjwa anayetumia dawa na sasa anaonekana amepona, asiachishwe kabla ya kuzungumza na aliyemwandikia. Na akikosa dawa kwenye zahanati, ulizeni siku hiyohiyo ni kituo gani cha karibu kinachoweza kumpatia.