Likizo fupi ya peke yako: yanayosemwa na ukweli wake

"Siku nne hazimpumzishi mtu. Bora nisubiri likizo yote."

Mapumziko hayawekwi akiba. Watafiti wa Uholanzi, akiwamo Jessica de Bloom, waliwafuatilia wafanyakazi waliokuwa likizo kwa wastani wa siku 23. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2013, yalionyesha kuwa nafuu ilifika kileleni karibu na siku ya nane, nayo ikayeyuka kabla wiki ya kwanza kazini haijaisha. Kwa hiyo kuigawa likizo si kuipoteza.

Hesabu ndiyo inayowaponza wengi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi wa Tanzania siku 28 mfululizo, si siku 28 za kazi, na sikukuu inayoangukia ndani yake inahesabiwa. Muulize afisa utumishi wenu Jumamosi na Jumapili wanazihesabu vipi mtu akichukua vipande. Sikukuu ikiangukia Alhamisi, omba Ijumaa peke yake: umepata siku nne kwa likizo ya siku moja.

"Lushoto si mbali, naondoka Ijumaa narudi Jumapili."

Hapa ndipo safari nyingi za watu wa Dar es Salaam zinapoharibika. Lushoto ni mji wa milima ya Usambara, na basi kutoka stendi ya Magufuli, Mbezi, hutumia saa saba hivi, na foleni ikiwapo huzidi. Ukifika Mombo bado kuna kilomita 33 za kupanda mlima kwa kona juu ya kona. Mwenye kichefuchefu akae viti vya mbele na ameze dawa kabla ya Mombo. Akisubiri kona zianze, amechelewa. Ijumaa imeliwa na njia, Jumapili nayo vilevile, umebakiwa na Jumamosi tu. Lushoto inataka usiku tatu, nne ni bora zaidi. Mwenye siku mbili apande treni ya SGR, reli ya kisasa, hadi Morogoro, safari isiyofika saa mbili, ila akumbuke stesheni iko Kihonda, nje ya katikati ya mji, hivyo atenge nauli ya bodaboda au teksi.

Ukishafika Lushoto, jambo moja kwa siku linatosha. Nenda kwa miguu asubuhi hadi Irente, ukingo wa mlima wa kutazamia mandhari, kabla ukungu wa mchana haujafunika tambarare za Mazinde kule chini, kisha rudi ulale. Kijiji cha Mtae kiache: kwenda na kurudi kunameza siku nzima kwenye barabara mbovu, na uchovu wa barabara hautofautiani sana na ule uliokuwa unaukimbia. Juni hadi Agosti beba sweta nzito na soksi. Machi hadi Mei mvua huweza kuporomosha udongo barabarani, basi jiachie siku moja ya ziada.

"Simu nitaiacha wazi. Kujibu ujumbe mmoja mmoja hakuna shida."

Ujumbe mmoja unakurudisha ofisini, maana akili inabaki kwenye jibu ulilotuma. Sheria ileile ya ajira inamkataza mwajiri kumtaka, au hata kumruhusu, mfanyakazi afanye kazi akiwa likizo. Lakini sheria haikusaidii kama hukukabidhi kazi. Andika ukurasa mmoja: kila kazi iliyo njiani, imefikia wapi, faili liko wapi, nani ataishika, na ipi isubiri hadi urudi. Ukabidhi siku moja kabla ya siku yako ya mwisho, ili maswali yaje ukiwa bado kwenye kiti. Kisha nyamazisha makundi ya kazi ya WhatsApp na uyaweke kwenye kumbukumbu. Mwenye laini mbili azime ile ya kazi.

"Anayesafiri peke yake ana mchepuko."

Watasema. Mwambie mwenza wako mapema unakwenda wapi na unarudi lini.

"Peke yako ni nafuu."

Mara nyingi si kweli. Chumba unakilipa chote, na ada ya mwongozaji msituni Magamba huna wa kugawana naye. Uliza bei ya chumba cha mtu mmoja kabla hujataja tarehe, na uombe kuungana na kundi linalotoka siku hiyo. Fedha taslimu ziweke sehemu mbili. Mpe mtu mmoja nyumbani jina la gesti na saa ya kumpigia kila jioni. Asipokusikia, ajue pa kuanzia.

"Nikirudi nitakuwa mtu mpya."

Shirika la Afya Duniani liliueleza uchovu wa kazini mwaka 2019 kuwa unatokana na msongo wa muda mrefu wa kazi usiodhibitiwa. Kama mzigo ni wa watu wawili na unaubeba mmoja, milima ya Usambara haiupunguzi. Hilo ni la kuzungumza na mkuu wa idara. Unaloweza kuliokoa ni zile siku chache za nafuu. Kata tiketi ya kurudi Jumamosi, maana anayeshuka Mbezi Jumapili usiku anaingia kazini Jumatatu na vumbi la safari. Jumatatu hiyo usikubali kikao kabla ya saa sita mchana. Na ukipita sokoni Lushoto asubuhi ya kuondoka, chukua karoti na matunda ya msimu, kwa sababu ofisini swali la kwanza litakuwa umewaletea nini.