Karatasi haifumwi

Wiki hii peke yake wateja watatu wameinua kadi ya mwaliko wa arusi kwenye dirisha la duka letu hapa Bukavu, wakaona vijistari, wakasema: "Ndiyo hii, karatasi ya kufumwa." Hapana, mama. Kinachofumwa ni twali.

Twali ni wavu wa mashini ya karatasi, umeungwa ncha kwa ncha kama mkanda, unazunguka bila kusimama. Uji wa nyuzi za miti, ambao karibu asilimia 99 ni maji, unamwagwa juu yake. Maji yanapita kwenye matundu, nyuzi zinabaki zimelaliana. Zamani wavu ulikuwa wa shaba, leo ni wa poliesta. Mbele yake kuna fetri, kitambaa kinene cha kukamua maji (si ile kalamu ya watoto), kisha kitambaa cha kukaushia. Basi.

Fujo iko kwenye majina. Twali ni toile ya Kifaransa, na toile imetoka tela ya Kilatini, kitu kilichofumwa. Kabla ya mashini, fundi alichota uji kwa fremu yenye nyaya zilizolala sambamba. Nyaya zikaacha mistari, nayo karatasi hiyo Wafaransa wanaiita verje. Baadaye James Whatman wa Uingereza akatengeneza karatasi kwa wavu wa nyaya zilizofumwa kweli, mistari ikapotea, na mwaka 1757 mchapaji Mwingereza John Baskerville akachapa sehemu ya kitabu cha mashairi ya Virgil, mshairi wa Kirumi, juu ya karatasi hiyo. Waingereza wakaiita "ya kufumwa", kwa sababu ya wavu! Wafaransa wakaiita velini, kwa kuwa ililainika kama ngozi ya ndama. Hata hao hawakusema kweli, ndama hayumo, lakini angalau hakuna anayekuja kwangu kuuliza nyama.

Kwa hiyo kadi yenye mistari, ile mnayoiita ya kufumwa, ndiyo hasa isiyostahili jina hilo. Tena siku hizi mistari yake kwa kawaida hupigwa na silinda inayobingirika juu ya karatasi ikiwa bado mbichi.

Ukija kuchagua, sema verje au velini. Ukisema ya kufumwa nitakuelewa pia, ila nitakupasulia kipande. Pindo la kikwembe likichanika unapata uzi wa kuvuta. Hapa utaona vinyweleo tu, kila kimoja kimeelekea kwake.